Udongo Mweusi wa Bondeni

Thika, Jumamosi usiku, mwezi wa nne, 1958

Mvua imekatika tangu alasiri, lakini anga bado ni zito, na kila kitu chumbani mwangu kimeshika unyevu: shuka, madaftari ya wasichana ninayopaswa kusahihisha, hata kurasa hizi. Nimeoga mara mbili kwa maji ya moto. Harufu haijanitoka.

Ni harufu ya maganda ya kahawa. Kahawa ikimenywa kiwandani, maganda hurundikwa kando ya mto. Mvua kubwa ikija, mto huyachukua na kuyatandaza mashambani yakiwa yamechacha, mekundu yaliyogeuka meusi, yakitoa uvundo wa pombe iliyomwagwa chooni. Leo nilisimama ndani ya uvundo huo tangu asubuhi hadi adhuhuri, nimeshika fito mkononi, nikingoja nyumba ya mama isimame.

Nimechukizwa. Nimelitafuta neno la staha zaidi, neno la mtu aliyepelekwa chuo kikuu Kampala kwa gharama ya watu wengi, na sikulipata.

Shajara hii huiandika kwa Kiswahili. Kikuyu ni lugha ninayomsalimia nayo Baba Mdogo nikiwa nimeinamisha kichwa, na siwezi kumfikiria kwa lugha hiyo kama ninavyomfikiria leo. Kiingereza ni cha darasani. Kiswahili hakijawahi kunilea, kwa hiyo hakinikatazi.

Niyapange mambo yalivyo, maana nikiyaacha yalivyo kichwani sitalala.

Zamani shamba la babu lilikuwa vipande vitatu. Kimoja kilikuwa juu ya mgongo wa kilima, ambapo nyumba zilisimama. Cha pili mteremkoni, cha mahindi na maharagwe. Na kingine kidogo kule chini kando ya mto, cha nduma na miwa. Familia zote za upande wetu, kule juu ya Ruiru, ziliishi hivyo. Hakuna aliyejenga bondeni. Hakuna aliyekatazwa pia. Ilikuwa haifanyiki tu, kama vile mtu hatandiki kitanda juu ya mafiga. Mwaka wa mvua nyingi bonde lilipotea na mgongo ukabaki. Mwaka wa ukame mgongo ulikauka na bonde likalisha watu.

Kisha ardhi ikakusanywa. Vipande vya kila mtu vilipimwa, vikajumlishwa, na kila mtu akapewa shamba moja mahali pamoja. Nikijilazimisha kuwa mwadilifu, hata leo silipingi wazo hilo lote. Mwanamke anayepoteza nusu ya asubuhi akitoka kipande hiki kwenda kile, jembe begani na mtoto mgongoni, hana sababu ya kuyalilia mambo ya zamani. Mimi mwenyewe nimewafundisha wasichana wangu hivyo, na sidhani kwamba niliwadanganya.

Lakini upimaji ulifanywa wakati watu wote walikuwa wamefungiwa vijijini kwa amri ya Hali ya Hatari, nyuma ya handaki na miti iliyochongwa ncha. Nyumba za zamani zilikuwa zimechomwa au kubomolewa. Kwa hiyo wazee wa kamati walipotembea mashambani kuupa udongo alama, waliitazama ardhi kama watu wanaokwenda kulima na kurudi. Waliuchota udongo, wakausugua kati ya vidole, wakaunusa. Mwekundu wenye changarawe ukapata alama chache. Mweusi wa bondeni ukapata alama za juu kabisa, na aliyepewa huo alipunguziwa eneo kwa sababu alikuwa amepewa kilicho bora. Hakuna aliyeuliza nyumba itasimama wapi. Nyumba zilikuwa kijijini, na kijiji kilionekana kama kitu kitakachokaa milele.

Ilikuwa mwezi wa pili, mto umekonda kiasi cha mbuzi kuuruka.

Baadaye niliiona ramani yenyewe ikichorwa. Ninafundisha jiografia, macho yangu yalianza yenyewe kutafuta mistari ya mwinuko. Hapakuwa na hata mmoja. Bonde na mgongo vililala pamoja kwenye karatasi kama shuka lililopigwa pasi. Nilimuuliza karani vimo vya ardhi vitaandikwa wapi.

“Kilima hakina mwenyewe, dada,” alinijibu bila kuinua kichwa. “Mpaka ndio wenye mwenyewe.”

Shamba letu liliangukia bondeni lote. Kwa karatasi ni la kaka yangu Kamau, kwa kuwa baba alikwisha kufariki na mama, akiwa mwanamke, haandikwi. Kamau yuko kambini, kizuizini, hadi leo. Mgongo wa kilima, mahali penyewe ambapo nyumba ya baba ilikuwa, ulikwenda kwa Ng'ang'a, ndugu mdogo wa baba, huyo Baba Mdogo wangu, mzee wa kanisa na mmoja wa wanakamati.

Wakati ule watu wote walimsifu. Wazee wenzake walimpa nafasi ya kuchagua kwanza, naye akauchagua udongo mwekundu. “Mweusi mwachieni mjane,” alisema. Maneno hayo yalizunguka kijiji kizima. Alishukuriwa kanisani kwa jina, watu wamesimama. Mama alimpelekea kuku. Mimi nilimnunulia sweta hapa Thika, dukani kwa Mhindi, la rangi ya majani mabichi.

Leo alikuwa amelivaa.

Sasa vijiji vinavunjwa, na amri ni kwamba kila mwenye shamba ajenge kwake. Zamu ya mama imefika. Kule kwetu nyumba huanzwa asubuhi na kumalizwa siku ile ile. Wanaume huchimba na kusimamisha nguzo, wanawake huleta nyasi na kukanda udongo, na moto lazima uwake ndani kabla ya giza. Nyumba iliyolala bila moto siku yake ya kwanza, watu wetu hawaingii kuishi ndani yake, hata hao wanaosema kwamba wameacha mambo ya kale. Na kwa kuwa miti siku hizi haipatikani, nguzo za nyumba mpya ni zile zile za kibanda cha kijijini. Alfajiri ya leo majirani walikibomoa kibanda cha mama. Nilipofika kutoka stesheni ya Ruiru, nikiwa nimepanda gari moshi la asubuhi, niliwakuta mteremkoni wakishuka: wanaume na nguzo mabegani, wanawake na mizigo ya nyasi migongoni, kamba zimewakaza vipaji vya nyuso. Mama alikuwa mbele kabisa na chungu chake kichwani.

Kwa saa hizo mama hakuwa na nyumba popote duniani. Nyumba yake ilikuwa ikitembea kwa miguu ya watu.

Mto ulikuwa umefurika mapema wiki hii na kurudi mahali pake. Ulichoacha nyuma ni yale maganda, unene wa kiganja, yamelala kwenye shamba zima kama uji uliomwagika. Tuliyakokota kwa majembe. Chini yake mlikuwa na panya waliokufa, vitambaa, na vitu vya vyoo vya kijiji kilicho juu ya mto. Nilikanyaga kitu laini nikaomba Mungu kiwe maganda. Inzi walikuwa wengi kiasi cha kuingia mdomoni mtu akizungumza, na bado watu walizungumza, kwa sababu ndivyo nyumba inavyojengwa.

Kariuki, jirani yetu ambaye hajawahi kufanya kazi yoyote kimyakimya, ndiye aliyechimba shimo la kwanza. Jembe lilizama kwa urahisi. Alipoinuka kujinyoosha, maji yalianza kuingia. Hayakutoka juu, yalitoka chini, polepole, yakileta mapovu madogo, yana rangi ya chai iliyomwagiwa majivu.

“Mama Kamau,” Kariuki aliita, “unataka nyumba au kisima? Sema mapema. Mimi sijali, jembe ni lile lile.”

“Chimba kisima, utumbukie wewe,” alisema Nyambura, rafiki wa mama tangu usichana wao, mwanamke mwenye ulimi ambao hata askari wa posti ya kijiji waliuogopa. “Mkeo atanishukuru.”

“Mke wangu akinikosa atakuja kulala kwako, Nyambura, na anakoroma.”

Tulicheka. Walichimba shimo la pili mbali kidogo, na la tatu. Yote yalijaa. Waliweka mawe chini ya shimo la kwanza na kusimamisha nguzo. Ilisimama kidogo, kisha ikaanza kuinama taratibu kama mlevi anayetafuta ukuta. Wakaisimamisha tena. Ikainama tena, upande mwingine. Kicheko kilizidi kuwa chembamba, na mwishowe kikaisha. Nilimtazama mama. Alikuwa ametua chungu juu ya rundo la nyasi, na alikuwa akiukandamiza udongo kwa kisigino, akiondoa mguu, akitazama alama ya kisigino ikijaa maji, kisha akisogea hatua moja na kuanza tena.

Hapo ndipo Baba Mdogo alipofika kutuombea.

Alikuja na Biblia chini ya kwapa, lile sweta langu, na viatu vilivyopigwa rangi. Alishuka hadi mahali majani yanapoishia na matope yanapoanza. Hapo akasimama.

“Bwana asifiwe!” alisema kwa sauti ya kanisani.

Tukaitikia.

“Shuka basi, mzee,” Nyambura alimwambia. “Nguzo ya kwanza inakungoja.” Maana ndivyo ilivyo: nguzo ya kwanza hushikwa na mwanamume mkubwa wa familia, na baba hayupo, na Kamau hayupo.

“Endeleeni, endeleeni. Nitaomba nikiwa hapa. Mungu haangalii mtu amesimama wapi.”

“Nguzo ndiyo inaangalia,” alisema Kariuki.

“Viatu hivyo ni vyako, au umeviazima kwa mchungaji?” Nyambura aliuliza. “Mbona unavionea huruma hivyo?”

Watu walicheka kwa kuinamisha vichwa, kwa adabu. Baba Mdogo naye alicheka. Ana kicheko kizuri. Siku zote amekuwa nacho. Kisha akafumba macho na kuomba. Aliomba kwa muda mrefu. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya shamba hili, kwa ajili ya rutuba yake, kwa ajili ya udongo mweusi ambao mjane alipewa asipokuwa na wa kumtetea. Sikuyafumba macho yangu. Nilikuwa nikilitazama shimo lililo karibu na miguu yangu, na wakati sala inafika kwenye “amina” maji yalikuwa yamefika ukingoni, na inzi mmoja alikuwa akizunguka juu yake.

“Ng'ang'a,” mama alisema, “shuka uone.”

“Naona kutoka hapa, Mama Kamau. Naona vizuri sana.” Alitikisa kichwa kwa masikitiko. “Maji haya hayana adabu. Tangu sisi tukiwa watoto, mimi na marehemu, mvua ya njahi, hii ya masika, ikizidi hufika pale kwenye jiwe.”

Akanyoosha kidole.

Jiwe lilikuwa nyuma yake, mteremkoni, jeupe, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Lilikuwa juu kuliko kichwa chake. Lilikuwa juu kuliko paa ambalo tungeliweka. Shamba zima la mama, kutoka mpaka hadi mpaka, liko chini ya jiwe lile.

Kariuki alilitia jembe ardhini na kuliacha lisimame lenyewe.

“Kumbe,” alisema Nyambura.

Nadhani Baba Mdogo hakuelewa mara moja alichokuwa amekisema. Niliuona uso wake ukikielewa. Uelewa ulianza midomoni ukapanda hadi machoni. Kisha, kwa wepesi ambao nakiri kwamba ulinistaajabisha hata nilipokuwa nikichukizwa nao, akautandikia uso huo huruma.

“Ndiyo maana nilikuwa nataka kusema. Mama Kamau, wewe si wa kulala kwenye maji mimi nikiwa hai. Chukueni miti hiyo, mpande, mjenge kule juu kwangu. Nafasi iko. Shamba ni langu kwa karatasi, lakini karatasi ni kitu gani? Sisi ni damu moja. Utakaa tu. Hakuna atakayekufukuza.” Akanigeukia mimi. “Hata wewe, Mami, msomi wetu, unaona hilo ni jambo jema.”

Huniita Mami kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi, kama ilivyo desturi kwa binti wa kwanza. Tangu utotoni amekuwa akiniita hivyo, na mimi nilikuwa nikijivunia kuitwa mama na mtu mzima. Leo neno hilo lilinigusa kama kitu chenye utelezi.

Hakuna atakayekufukuza. Mwenye nyumba haambiwi hivyo. Huambiwa hivyo muhoi, yule mgeni ambaye ukoo humruhusu kulima na kulala kwa hisani, akileta pombe kwa wakati wake na kushukuru kwa wakati wake, na ambaye watoto wake hawatarithi hata ua. Mama aliolewa juu ya mgongo ule. Alinizaa pale. Sasa anakaribishwa pale.

“Ng'ang'a,” mama alisema. Hakupaza sauti. “Hapa kuna watu. Sema wasikie. Unanirudishia au unaniazima?”

“Ai, Mama Kamau! Mambo ya ukoo hayasemwi mbele ya watu wenye majembe.”

“Hawa wenye majembe ndio watakaojenga. Wanataka kujua wanajenga nyumba ya nani.”

“Nyumba ni yako. Nani amesema nyumba si yako?”

“Mahali je?”

“Tutazungumza,” alisema Baba Mdogo. “Kwanza tujikinge na mvua. Tutazungumza.”

Mama alitazama upande wa Nyandarua, ambako wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye misitu, jeusi kama chini ya sufuria. Aliyatazama mashimo. Alizitazama nyasi za nyumba yake zilizoanza kulowa. Nilijua anachokihesabu, maana mimi nilikuwa nikihesabu hicho hicho: kibanda cha kijijini hakipo tena, giza litakuja kama kawaida yake, na nyumba isiyo na moto leo haitakuwa nyumba.

Nilimwendea nikamnong'oneza asikubali. Nilimwambia kwamba tunaweza kwenda naye Thika, alale chumbani kwangu, hata kama mwalimu mkuu hataki; kwamba akipanda kule juu leo, atakuwa amesema kwa miguu yake kwamba mgongo ni wa Baba Mdogo. Nilizungumza vizuri. Nilikuwa na hoja, na zilikuwa zimepangwa.

“Hasira yako ina paa?” aliniuliza. “Kama inalo nionyeshe, nitalala chini yake.”

Akanipa kisogo.

“Inueni miti,” aliwaambia watu. “Tunapanda.”

Kwa hiyo tulipanda. Tulijenga mahali pale pale penye nyumba ya zamani, kwa kuwa mama alikwenda moja kwa moja akasimama pale bila kumuuliza mtu. Mashimo yalitoka makavu, ya udongo mwekundu, na ndani yake mlikuwa na vipande vya mkaa: nyumba ya baba, ile iliyochomwa. Wanaume walichimba kupitia mkaa huo. Nguzo zilisimama. Upande wa chini, yale maua ya itoka ambayo baba aliyapanda kuonyesha mpaka yalikuwa yameng'olewa na wapimaji, lakini mawili yalikuwa yamechipua tena. Nyambura aliyaona pia. Aliyazungushia mawe, asije mtu akayakanyaga. Mvua ilitukuta tukimalizia paa. Moto uliwashwa kukiwa bado na mwanga, na moshi ulipoanza kupenya kwenye nyasi wanawake walipiga vigelegele, nami nikapiga pamoja nao, na nilikuwa na furaha. Hilo pia ni kweli na lazima niliandike. Nilikuwa na furaha kwa muda.

Kisha maziwa yakaja. Baba Mdogo aliyaleta mwenyewe, katika kibuyu, na mama akayapokea kwa mikono miwili.

“Umeona, Mami?” aliniambia mlangoni. “Mambo ya ukoo humalizwa na ukoo.”

“Ndiyo, Baba,” nilijibu. “Asante.”

Nilisema asante. Nilimwinamia, nikasema asante. Nimesafisha meno kwa majivu na chumvi tangu nirudi, na neno hilo bado liko mdomoni.

Sasa nijaribu kumtendea haki, maana hasira ni shahidi mbaya, na nimewahi kuwa na hakika na mambo ambayo baadaye hayakuwa kweli.

Inawezekana hakupanga chochote. Inawezekana mwezi ule wa pili, akiwa amesimama kwenye udongo uliokauka, alifikiri kama wengine wote kwamba tutaishi kijijini hadi kufa. Inawezekana alichagua mgongo kwa sababu ndipo alipozaliwa, kama mimi, na kumbukumbu ya maji ilimrudia leo alipoyaona. Kumbukumbu nyingine ziko hivyo. Huamshwa na harufu. Ninaweza kumtetea vizuri kuliko anavyoweza kujitetea mwenyewe. Hicho ndicho nilichofundishwa Kampala: kuuona upande wa pili hata ukiwa unanuka.

Lakini alichagua kwanza. Mtu aliyeoga katika mto ule tangu utoto, anayelijua jiwe lile, alipewa nafasi ya kuchagua kwanza, na akauacha udongo ambao mkulima yeyote angepigana kuupata. Kisha akala kuku. Akavaa sweta. Akasimama kanisani, akiwa ameinamisha macho, akapokea shukrani. Na leo, kabla mtu hajamweleza hali ya shamba ilivyo, alisimama pale ambapo majani yanaishia. Ikiwa alisahau, miguu yake haikusahau.

Nadhani hivyo. Sina ushahidi zaidi ya miguu yake.

Nikirudi jioni kwa gari moshi nilitazama nje tangu Ruiru hadi hapa, na kwa mara ya kwanza sikuweza kuona kitu kingine ila vimo. Nyumba za mameneja wa mashamba ya kahawa na mkonge zote ziko kileleni, zina veranda na miti ya kuvunja upepo. Laini za vibarua, vile vibanda vyao vya safu, ziko chini, karibu na maji. Thika nayo ni hivyo hivyo: anayeamua hukaa juu, anayeamuliwa hukaa mahali maji yanapokwenda. Nilitaka kuandika kwamba Baba Mdogo amejifunza hayo kwa Wazungu. Ingekuwa faraja. Lakini sidhani kwamba mtu huhitaji kufundishwa kupenda mahali pakavu. Kilichokuwa kikituzuia zamani huenda hakikuwa wema wetu; huenda kilikuwa tu vile vipande vitatu, kwamba hakuna aliyeweza kuchukua juu yote na kumwachia mwenzake chini yote. Karatasi imemwezesha. Au labda ninaipa karatasi lawama ili nisimpe yeye. Sijui. Nimechoka, na vidole vyangu vinanuka.

Mama hana maswali haya. Nilipomuaga alikuwa akipanga namna atakavyopanda nduma bondeni maji yakitulia. Yeye atakaa juu, nduma zitakaa chini, alisema, kama ilivyokuwa. Kwa macho yake mambo yamerudi mahali pake. Na kwa leo yamerudi kweli. Lakini Baba Mdogo ana wana watatu, na hao hawakumjua baba yangu, na hawatafungwa na hisani ya mzee wao atakapokuwa kaburini. Siku hiyo mama, au Kamau na mke atakayemwoa, wataambiwa wateremke. Chini ya jiwe.

Kamati bado inasikiliza malalamiko, hadi daftari la mashamba litakapofungwa. Baada ya hapo, kilichoandikwa kimeandikwa. Anayeweza kulalamika ni mwenye jina tu, na mwenye jina yuko kambini. Barua zake husomwa na ofisa kabla hajazipata. Nikimweleza yote, huenda atawaka, atasema neno ambalo halipaswi kusemwa kule, na kurudi kwake kutacheleweshwa. Wanasema yuko karibu kuachiliwa. Nisipomweleza, atarudi akute moto unawaka, mama ana afya, na mlango wa kamati umefungwa. Atanishukuru kwa barua nzuri niliyomwandikia. Sijui kama nitaweza kuzipokea shukrani za namna hiyo. Nimeona leo zinavyopokelewa.

Kesho baada ya ibada nitaketi kumwandikia. Nimeijaribu sentensi ya kwanza kichwani tangu stesheni. Ninaweza kuanza kwa kusema kwamba mama amelala pakavu. Ninaweza kuanza kwa kusema kwamba mama amelala kwa watu. Zote mbili ni kweli, na Kamau ni mtu mzima.

Nadhani nitaanza na ya pili.